Swali la Binti wa Fundi

Wanafunzi walimwita Mama Kwanini. Alifundisha darasa la tano, miguu imevimba kwa kusimama, sauti imekauka kwa vumbi la chaki. Ijumaa, kipindi cha mwisho, wenzake wakisinzia ofisini, yeye aliwageuza watoto watazamane, wajadili swali moja. Sharti lilikuwa hili: humpingi mwenzako mpaka urudie alichosema, naye akubali ndivyo.

Wiki moja binti mmoja mkimya aliuliza, "Kumdanganya mtu kwa kumhurumia, huo nao ni uongo?"

Jumatatu baba yake, fundi magari, akaja na ovaroli yake, amefura.

"Mwalimu, mwanangu umemfundisha ubishi! Bibi yake alipofariki tulimwambia amesafiri. Sasa ananihoji kama polisi."

Mwalimu hakuwa na nguvu ya kubishana. "Baba, Ijumaa njoo ukae nasi. Ukiona nawaharibu, nitaacha."

Alikuja kweli, akajibana kwenye dawati la nyuma, magoti karibu na kidevu. Mvulana mmoja akasema uongo wa huruma ni kama kutia dawa sukari. Binti akayarudia maneno yake.

"Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Lakini mimi nilimngoja bibi. Kila gari likisimama nje, nakimbilia mlangoni. Na wote nyumbani walikuwa wanalia bila mimi."

Mvulana akageuka nyuma. "Baba, wewe unasemaje?"

Fundi alijifuta mikono iliyokuwa mikavu. "Niliogopa," akasema. "Sikujua nianzie wapi kumwambia."

Binti akamtazama. "Unasema aliyeogopa ni wewe, si mimi."

"Ndivyo, mama."

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alikichukua kipindi kile kwa ajili ya mazoezi ya mtihani. Mama Kwanini angeweza kumsimulia habari za fundi. Alifungua mdomo, akajikuta anasema tu, "Sawa, mkuu." Ijumaa akafundisha sehemu na desimali mpaka kengele, akikwepa macho ya watoto.

Getini alimkuta fundi akimsubiri bintiye.

"Leo mmejadili nini, mwalimu?"

"Hesabu tu, baba."

Fundi akaguna, akamshika binti mkono. Walipovuka barabara, mtoto alikuwa ameshaanza kuuliza jambo, na baba ameinama kusikiliza. Mwalimu alitamani kujua ni swali gani, lakini walitembea haraka kuliko miguu yake.