Mama Mkwe Alipopiga Magoti

Mpaka leo nausikia ule mlio: puu, halafu chwaa, chwaa, chwaa. Ni mama mkwe wangu wa kijijini Izigo, ametua mzigo wa nyasi mbichi mlangoni, sasa anazitandaza sakafuni kama nyumba za huko zinavyotandikwa.

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa na miezi saba. Mgongo uliniuma hadi usingizi ukanikimbia, mume wangu akaona nitoke kwenye chumba chetu cha kupanga Bukoba mjini, nikakae kwa mama yake. Hofu yangu ilikuwa moja tu: siku ya kujifungua, nguvu za kusukuma nitazitoa wapi, nami nimechoka hivi?

Nesi wa kliniki alikuwa ametufundisha yoga kidogo. Unapiga magoti, viganja chini, unauinua mgongo taratibu na kuushusha huku unapumua. Akasema pia tukandwe kiuno na miguu polepole, ila tumbo lisiminywe kabisa. Yoga niliiweza. Kukandwa nikakunyamazia. Ningeanzaje kumwambia mama mkwe anishike nyayo, wakati mimi mkamwana ndiye ninayempigia magoti kumsalimia kila asubuhi?

Siku moja akanikuta kwenye nyasi za sakafuni, magoti na viganja chini.

"Mkamwana, si umeshanisalimia? Inuka!"

"Sisalimii, mama. Ni yoga."

"Yoga! Sema tu umekwama, nikuvute."

Nikacheka mpaka nikaangukia ubavu, na kicheko kikageuka kilio. Nikamweleza yote, hata ile hofu. Akaenda jikoni, akarudi na samli kwenye kikombe. Akapiga magoti nyuma yangu, yeye, akaanza kunikanda kiuno, akashuka mpaka kwenye nyayo.

"Tumbo hapana, mama."

"Nimesikia, waitu, mwanangu. Tumbo ni la nesi wako."

Nililala hadi jioni. Tangu hapo ikawa kila siku, mimi na yoga yangu, yeye na samli yake. Maumivu hayakuisha yote, lakini usingizi ulirudi, na siku ilipofika nguvu nilikuwa nazo. Binti yangu alizaliwa akipiga kelele kama mwenye nyumba. Siku hizi naota kufungua chumba cha kuwakanda wajawazito, na sakafu nitaitandika nyasi, wacheke wanaotaka.

Chumba chetu cha Bukoba ni saruji tupu. Juzi baba mtoto ametoka, mtoto amelala, nikafungua furushi la nyasi alilonifungashia mama mkwe siku ya kurudi mjini. Nikazitandaza chini ya dirisha, nikageukia upande wa Izigo, nikapiga magoti, nikamsalimia.