Mfadhili wa Binti wa Msusi

Wifi yangu ni msusi, na mtu akishazoea umbea wa saluni haamini tena kitu. Ndiyo maana binti yake alipoingia akitabasamu na kusema, "Mama, nimepata mfadhili, narudi chuo!" kitana kilimtoka wifi mkononi. Mimi nilikuwa nakunja taulo, nikajifanya sikusikia. Pale kwetu, mfadhili ni mwanaume mwenye kitambi, gari na mke nyumbani.

"Ana umri gani?" wifi akauliza.

Binti alidhani anataniwa. "Mkubwa kuliko wewe, mama. Ana masharti mengi, ila analipa ada na chumba."

Basi ikawa nongwa. Msichana akivaa viatu vipya, wifi anavikagua mpaka soli. Simu yake ikilia, draya inazimwa tusikilize. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nachochea.

Binti alisema anasomea shahada ya pili, anatafiti maisha ya wasusi wanaozeeka. Akawa anamrekodi mama yake kwenye simu: vidole vilianza kufa ganzi lini, analala vipi, akishindwa kusuka atakula nini. Wifi, ambaye vidole vyake viwili havikunjiki tena, anajibu kwa mkato. Binti akishatoka, anasonya.

"Nani atoe hela yake kuuliza habari za vidole vyangu? Anampelekea bwana wake sauti yangu, wanacheka."

Kila akimaliza kusali ananiambia, "Wifi, nimemwombea aachwe."

Juzi binti akaja macho yamevimba. "Mama, mfadhili amejitoa."

Wifi akapiga kigelegele, mteja akashtuka chini ya draya. "Afadhali! Amerudi kwa mkewe?"

"Mke gani? Mfadhili wangu ni serikali, mama. Wamesema hela ya umma iende kwa wanaosomea udaktari na uinjinia. Habari za wasusi hazina tija. Nimeambiwa nihame chumba."

Wifi akakaa kwenye kiti cha wateja, akaitazama mikono yake.

"Kwa hiyo kweli kuna watu walitaka kujua habari za vidole vyangu?"

"Walitaka, mama."

Nilimletea maji, hakuyagusa. Alinivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Wifi," akaninong'oneza, "dua ikishapokelewa, inarudishwaje?"