Fundi Saa Aliyepigiwa Kura

Mama yangu anaweza kubishana na ukuta, hana mchezo. Kwa hiyo siku aliyorudi kutoka darasani akilia kwamba fundi saa amekufa, niliacha cherehani inazunguka.

"Fundi saa gani? Yule wa sokoni?"

Kumbe mtu wa kwenye riwaya! Nikamwambia, "Mama, utanipandisha presha bure."

Mama ni mfagiaji wa zahanati. Kuna nafasi ya mapokezi, ya kukaa kwenye kiti na kuandikisha wagonjwa, na daktari alishamwambia, "Mama, lete cheti tu, kiti ni chako." Magoti yake yamechoka na sakafu. Ndiyo maana akajiunga na darasa la watu wazima la Jumamosi. Masomo mengine alishayafaulu, ilibaki fasihi.

Tatizo, darasa zima lilikuwa na nakala moja ya riwaya. Mwalimu, kijana mpole kupita kiasi, hakutaka kumnyima mtu. Akachukua kisu, akakipasua kitabu sura kwa sura, kila mwanafunzi akaenda na yake nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa hajakisoma. "Nitaijua hadithi kupitia kwenu," alisema, eti ni mbinu shirikishi. Mbinu shirikishi! Mimi nikigawa suruali ya mteja hivyo, mguu huu kwa huyu na ule kwa yule, si nitapigwa?

"Motifu," aliwafundisha, "ni kitu kinachojirudiarudia katika hadithi mpaka kinabeba maana. Kifuatilieni, kitawafikisha kwenye dhamira, yaani lile hasa ambalo mwandishi anataka kutuambia."

Wote wakakubaliana kwamba kinachojirudia ni mwavuli, maana fundi saa hatoki bila huo, iwe mvua iwe jua. Baada ya hapo hawakukubaliana tena. Muuza nyama, mwenye sura ya harusi, alisema mwavuli ni mapenzi, kwa kuwa bibi harusi alifunikwa nao. Dereva, mwenye sura ya safari, akasema mapenzi wapi, huo ni uzembe, jamaa kausahau garini. Bibi Miwani, mkubwa wa darasa, alikuwa na sura ya kwanza, ambamo mwavuli unanunuliwa. Yeye alishikilia kwamba mwavuli ni mwavuli.

Mama akasimama na sura ya mwisho. "Ni kifo, jamani. Amefia hospitali, na mwavuli umebaki unaning'inia kitandani, hakuna wa kuuchukua."

Darasa zima likamgeukia.

"Una roho gani wewe mama?" dereva akafoka. "Kwenye sura yangu yu mzima wa afya, anakula karanga!"

Muuza nyama akasema ndoa yenyewe bado mbichi, haiwezekani. Mama akawanyooshea kurasa zake wasome. Wakakataa hata kuzigusa, utadhani zinaambukiza. Mwalimu akaona wabishi ni wengi, akaitisha kura, na fundi saa akafufuka kwa kura zote kasoro ya mama. Agizo likatoka: kwenye mtihani yu hai, mwavuli ni tumaini, na mtu asiwaharibie wenzake.

Nilichemka! "Mama, andika ulichosoma. Wao ndio watakupa kiti?"

"Wananiita Mchimba Kaburi, mwanangu. Wakati wa mapumziko hata chai nakunywa peke yangu."

Aliandika alichoandika, hakuniambia. Matokeo yakaja: darasa zima limeanguka fasihi, kasoro mama. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Mama mwenyewe akakaa chini, uso umemshuka.

"Sasa watajua," akasema.

Na walijua. Jioni ileile tukasikia hodi. Dereva kavua kofia, muuza nyama kabeba chupa ya chai, Bibi Miwani macho mekundu, na mwalimu nyuma yao kama mtu aliyeletwa kwa nguvu.

"Pole sana, mama," dereva akasema. "Kumbe ni kweli."

"Kwani alikuwa ndugu yenu?" nikaropoka.

Bibi Miwani akanitazama. "Mjukuu wangu, mimi nilikuwepo akinunua ule mwavuli. Alikuwa kijana hata ndevu hana."

Nikawatandikia mkeka. Wakaketi, chai ikamiminwa, na kikombe cha kwanza akapewa mama.

"Aliumia?" muuza nyama akauliza taratibu.

"Tusomee," mwalimu akasema. "Tafadhali."

Mama akatoa kurasa zake, akaanza. Wodi, dirisha, muuguzi anayeimba akikunja mashuka. Fundi saa akamtania muuguzi kwamba saa ya ukutani inachelewa, na dereva akacheka huku machozi yanamtoka. Ukabaki ukurasa mmoja. Mimi nilijua kilichoandikwa pale, wote tulijua, mtihani ulishasema.

Mama akaukunja ule ukurasa, akaukalia.

"Hapa bado anaongea," akasema. "Tuishie hapa."