Vitufe vya Mashine ya Ba

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, tulikaa watu wanne katika jiko dogo la nyumba moja ya Neasden, hapa hapa London, tukaikodolea macho mashine ya kufulia kama watu wanaotazama fainali ya mpira. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na siku hiyo nilifunzwa jambo ambalo nalitumia mpaka leo. Nitakueleza, lakini taratibu. Haraka zote nimewaachia ninyi vijana.

Najua mnanicheka. Mzee gani huyu, gereji yake hapa Hayes haina gari, imejaa mashine za kufulia, tena zile za zamani za vitufe, ambazo wenzake walishazitupa wakati wazazi wenu wananyonya? Majirani wamenibandika jina la Dobi Mkuu, nami nimelipokea. Mashine zangu zote zinafanya kazi. Kila moja ina siku yake, na ikifua mimi hukaa kwenye kigoda nikaisikiliza. Mke wangu anasema nimeoa wake wengi kuliko dini inavyoruhusu. Mwache aseme, chai yangu bado ananipikia. Sasa ile iliyo karibu na mlango, yenye nukta nyekundu usoni, ndiyo ya kwanza, na ndiyo yenye kisa hiki.

Nilipofika London kutoka Tanga nilipanga chumba cha juu kwa mama mmoja wa Kihindi, mjane. Sote tulimwita Ba, yaani bibi, kama walivyomwita wajukuu zake. Alizaliwa Tanga, akaolewa Tanga, na marehemu mumewe alikuwa na duka la vitambaa pale mtaa wa Ngamiani kabla hawajahamia London. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Aliponifungulia mlango mara ya kwanza, na baridi ile, akaniambia, "Ingia baba, utaganda kama samaki." Nusura nilie pale pale mlangoni.

Jikoni kwake ndipo nilipoiona. Ilikuwa nyeupe, nzito, ina mlango wa kioo wa mviringo, na juu yake vitufe vimepangwa safu moja, vinene, vya kubonyezwa kwa kidole gumba. Ukibonyeza kimoja, kile kilichokuwa kimezama kinaruka nje, tak! Kisha maji yanaingia yenyewe. Mashine inageuza nguo upande huu, inasimama, inazirudisha upande ule, inatema maji machafu, inavuta mengine. Mimi niliyemwacha mama yangu ameinama juu ya beseni nilipigwa na butwaa. Siku ya kwanza niliitazama tangu mwanzo hadi mwisho, nikasema Subhanallah kwa sauti, Ba akanisikia akacheka.

Alikuwa nayo tangu enzi za mumewe. Majira yake ya kwanza ya baridi London alifulia kwenye bafu, kwa maji ya bomba, mpaka vidole vikapasuka. Mumewe aliviona vidole vile, akaja na mashine. Tangu hapo kila Diwali, sikukuu yao ya taa, Ba aliipaka nukta nyekundu juu ya vitufe na kuiwekea ua la njano. Kwa ujinga wa ujana nikamwuliza kama anaiabudu.

"Naishukuru tu," akasema. "Kwani wewe hushukuru?"



Sasa sikia nilivyoharibu, tena kwa nia njema kabisa. Unajua tulivyolelewa. Ukimkuta mtu mzima ana mzigo, humwulizi, unampokea. Ukipita ukamwacha nao, habari zako zitafika nyumbani kabla yako. Basi Jumamosi moja nikamkuta Ba amepiga magoti mbele ya mashine na kapu la nguo. Adabu yote ya Tanga ikanipanda kichwani. Nikalichukua kapu. "Lete Ba, mimi nipo, wewe kakae."

Alisita, mkono wake ukabaki hewani. Kisha akaenda kukaa.

Jumamosi iliyofuata nikafua tena. Kisha nikaanza kumbebea mboga, kumpikia chai, kumfungulia dirisha. Kila alichokigusa nilikuwa nimeshakichukua. Ba akawa anakaa tu kwenye kiti chake karibu na radieta ya kupasha nyumba joto, mikono mapajani, siku hadi siku anazidi kuwa mdogo. Nami nilijisifu moyoni, nikijiona nimelelewa vyema.

Mwanawe wa pekee, Kishor, alikuwa na duka la dawa Croydon. Mtu mwema, namsema kwa haki. Alikuja siku moja akanikuta uani naanika sari za mama yake. Akaniuliza kwa upole, "Mama siku hizi hafui mwenyewe?"

Nikajibu kwa majivuno, "Hafui, hapiki chai, hanyanyui kitu. Mimi nipo!"

Nilidhani nitapewa ahsante. Kishor akatazama kwenye dirisha la jiko, akaondoka. Kumbe nilikuwa nimetoa ushahidi. Wiki ile ile akapiga simu: mama yake amechoka, hajiwezi tena, atahamia kwake Croydon, na nyumba ya Neasden itauzwa.

Ba aliweka simu chini, akaniita jikoni. Nilikuwa nimezoea utani wake. Siku hiyo hapakuwa na utani.

"Nyoosha vidole vyako mbele ya uso wangu," akasema.

Nikanyoosha.

"Ni vingapi? Mimi sijui. Naona ukungu, na dirisha naliona kwa sababu lina mwanga. Ni muda sasa. Kishor hajui. Wewe unakaa humu, na wewe hukujua. Unafikiri ni kwa nini?"

Mwanangu, nilisisimka mwili mzima. Mwanamke huyu alikuwa akinimiminia chai bila kumwaga tone. Alikuwa akizikunja nguo zangu kwa mstari ulionyooka. Na mashine ile alikuwa akiiendesha kwa vidole na masikio tu, nami nilikuwa nikimpita kila siku nikienda kazini na kurudi.

"Ningekuwa na mashine isiyo na vitufe, yenye duara la kuzungusha, kama hizi mpya, ningejuaje duara limesimama wapi?" akasema. "Hii ina vitufe. Nahesabu kutoka ukutani. Cha tatu kina ufa, nakijua kama jino langu. Nilipokuwa nafua, kijana, nilikuwa na nyumba yangu. Wewe umenipokea mzigo mpaka ukanipokea na mikono. Sasa nina kiti."

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza. "Sijakuita uniombe radhi. Wazee wa Tanga walisema nini? Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Macho yamekwenda, sawa. Moyo bado upo, na sitaki unisaidie kuuzika."

Kisha akaniagiza nimpigie Kishor. Akamwambia alete nguo zake za wiki nzima Jumapili, za kwake na za mkewe na za watoto. Atafua yeye. Wakishaona, ndipo waamue habari ya nyumba.

Hiyo ndiyo Jumapili niliyokwambia. Kishor alikuja na mkewe, Hansa, na begi limejaa. Wakakaa. Mimi nikasimama karibu na mlango, tayari kumkimbilia Ba, kwa maana niliijua siri na wao hawakuijua.

Ba akapiga magoti, akamwaga nguo sakafuni. Mikono yake ilianza kazi, na mimi nikabaki kuistaajabia. Aligusa nguo mara moja tu: hii pamba, huku. Hii sufu, kule. Hii hariri, nitaifua kwa mkono. Soksi alizioanisha kwa unene na urefu, bila kukosea. Hansa akamtazama mumewe. Lundo la pamba likawa kubwa, mashati ya kazini ya Kishor, meupe yote, na katikati yake nikaiona fulana ya mtoto, nyekundu kama damu, mpya.

Mkono wa Ba ukaifikia. Pamba. Akaishika, akaigeuza, mkono ukasita hapo.

Nilijua kinachokuja. Vidole vinajua sufu na pamba, lakini rangi havijui. Ikiingia ile pamoja na mashati, yatatoka rangi ya waridi yote, na nyumba imekwenda. Nikapiga hatua nimnyang'anye, kwa ile tabia yangu.

"Wewe kaa hapo," Ba akasema bila kugeuka.

Kisha akamwinulia mwanawe ile fulana. Alisema naye kwa Kiswahili, makusudi, ili na mimi nisikie. "Kishor, baba, hii rangi gani?"

"Nyekundu, mama." Nikaona uso wake unabadilika. "Mama, huoni?"

"Rangi sizioni. Ni muda."

"Mama! Na hukuniambia?"

"Sasa nimekwambia. Na nimekuuliza rangi, baba. Sikukuuliza kufua."

Akaiweka fulana kando. Akayaingiza mashati, akafunga mlango wa kioo, akapima sabuni kwa kiganja. Akaanza kuhesabu vitufe kutoka ukutani, midomo inacheza, akakipata chake, akabonyeza. Tak. Maji yakaanza kuingia.

Ndipo tulipokaa watu wanne kutazama. Katikati mashine ilinyamaza kabisa. Hansa akanong'ona kwamba imekufa. "Inapasha maji moto," Ba akasema. "Ngoja, nayo ina akili zake." Tukangoja, na kweli ikaanza tena. Ba alikaa sakafuni ameegemea kabati, macho amefumba, akitutajia: sasa inafua. Sasa inatema. Sasa inasuuza, itasuuza tena. Hakukosea hata mara moja. Nilihisi kama niko mbele ya kitu kikubwa kuliko jiko lile, mama yule na mashine ile wakizungumza kwa lugha waliyoifahamu wawili tu. Ilipoanza kukamua sakafu ikatetemeka, vikombe vikagongana kabatini, na Kishor akawa analia waziwazi, mtu mzima na tai yake shingoni.

Mashati yalitoka meupe pe. Kishor akayachukua mwenyewe kwenda kuyaanika, kisha akasita mlangoni. Akarudi. Akamwuliza mama yake, "Niyaanike mimi, au wewe?"

"Kamba iko juu," Ba akajibu. "Anika wewe. Na jiko nalijua, ngazi nazijua. Barabara siijui tena. Hapo nitamwomba huyu kijana mkono wake, akiacha kunipokonya."

Nyumba haikuuzwa. Kishor alianza kuja kila Jumapili kutoka Croydon, kazi yake moja: kukaa kwenye kigoda na kumtajia mama yake rangi. Nyeupe, mama. Bluu, mama. Hii sijui, kama udongo hivi. Na Ba akimkemea, "Mtu wa dawa hujui rangi ya kahawia?" Walikuwa wakicheka humo ndani hadi mimi juu nikashindwa kulala usingizi wa mchana. Aliishi katika nyumba yake na alifariki katika nyumba yake, nguo zake zimekunjwa.

Baada ya hapo Kishor aliniletea mashine, ameipakia kwenye gari, na nukta yake nyekundu ingalipo. Sikuifuta. Mpira wa mlango ulipochakaa nikazunguka London nzima kutafuta mwingine, nikaishia kununua mashine nyingine kuukuu ili nipate mpira. Hiyo nayo nikaionea huruma nikaitengeneza. Ndivyo ugonjwa ulivyoanza.

Nami sasa zamu yangu imefika, mwanangu. Daktari anasema macho yangu yameingia ukungu, wa jicho la kushoto hautatoka. Binti yangu Mwanaidi aliposikia alikuja mbio na mashine mpya inayoamrishwa kwa simu. Nikamshukuru sana, nikamwambia aipeleke kwake. Akalichukua kapu langu la nguo mikononi mwangu, kwa adabu niliyomfunza mimi mwenyewe. Basi nikamketisha kwenye kigoda, nikamsimulia habari za Ba, kama ninavyokusimulia wewe.

Jumamosi iliyopita alikuja tena. Alisimama mlangoni mwa gereji, ameifumbata mikono yake nyuma ya mgongo kwa nguvu, kama mtu aliyeifunga kamba. Nikahesabu vitufe kutoka ukutani. Nikainua nguo moja nikamwuliza, "Mwanaidi, hii rangi gani?"

Mwanaidi kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, kujibu anajibu Kiingereza. Lakini siku hiyo alijibu, "Nyeupe, Baba." Kisha akabaki pale pale aliposimama, na mimi nikabonyeza.

Basi shika hili. Mpokee mzee mzigo wake, hiyo ni adabu yetu na usiiache. Lakini mwulize kwanza, maana kuuliza si ujinga, na kapu unaloliona wewe kuwa mzigo huenda ndilo lililomshikilia asianguke. Ukiombwa rangi, taja rangi. Ukiombwa mkono wa kuvukia barabara, toa mkono, na mkifika ng'ambo uachie.

Mwenyezi Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mikono myepesi ya kupokea na ulimi mwepesi zaidi wa kuuliza. Akuzeeshe ndani ya nyumba yako, vidole vyako vikijua kila kitu kilipo. Na siku macho yako yatakapochoka, akujalie mtu anayekupenda, akutajie rangi, kisha akuache ufue.