Tanuri Tulilolibuni Wenyewe

Mama mkwe wangu alianza kubanika samaki kabla hajaolewa, na moshi ulikuwa umemharibu macho. Nilipoolewa Mabatini nikaungana naye ziwani, ambako wanawake tulikuwa na mashimo yetu ya moto. Sangara walikuwa wengi na bei nafuu, wengine wakubwa hadi mmoja tunambeba watu wawili.

Akaja bwana mmoja wa mradi. Akasema wanataka kutengeneza tanuri jipya la kubanikia, ila hawatalichora ofisini. Sisi ndio tuseme liweje. Tukacheka. Nani aliwahi kutuuliza kitu? Lakini alikaa nasi mchangani, akachora kwa kijiti, akafuta, akachora tena. Mwenzetu huyu alitaka mlango wa ubavuni, yule alitaka waya pana za kulaza sangara mzima. Walibishana mpaka wakanuniana. Mama mkwe, ambaye mikutanoni hakuwa akifungua mdomo, akasimama.

"Baba, mimi nataka bomba. Moshi uende juu, usije kwangu."

Wakampigia makofi. Njia nzima ya kurudi alinisimulia habari za bomba lake kana kwamba mimi sikuwepo.

Tanuri lilipoletwa lilikuwa vilevile tulivyosema, na bomba lake. Lakini kufikia hapo viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa, na magari yao ya barafu yalifika ufukweni kabla yetu. Bei ikapaa. Wavuvi tuliozoeana nao wakawa wanatupita bila hata salamu.

Yule bwana alirudi na kamera. Akatupanga mbele ya tanuri baridi.

"Baba," mama mkwe akamwambia, "ulituuliza mlango, ukatuuliza waya. Mbona hukutuuliza samaki tutawapata wapi?"

"Mama, hilo halimo kwenye mradi wetu." Alisema kwa upole kabisa, akapiga picha.

Simchukii. Alinisikiliza kuliko mume wangu alivyowahi kunisikiliza, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tulichoachiwa ni mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyokwisha kutolewa minofu. Hayo hukaangwa upesi kwenye mafuta kabla hayajaoza, na karai halikuingia kwenye tanuri lile. Tukarudi kwenye mashimo. Mama mkwe akawa anainamia karai kutwa, machozi yakimtoka, mpaka jicho la kulia likapofuka kabisa.