Kunguru Wenye Ndevu

Merle Haddrick, mfugaji wa kondoo kwa miaka arobaini, aliwatofautisha kunguru kwa sauti. Wa kawaida huukatiza mlio. Wale wakubwa wenye manyoya marefu kama ndevu shingoni huuvuta kama mtoto anayelia, nao hudonoa macho ya mnyama aliyeshindwa kuinuka.

Asubuhi moja mlio wa kuvutwa ulitoka bondeni, alikokwenda mumewe, Clive, kwa pikipiki.

"Kunguru tu hao, mama," mkwewe Darren alimwambia. "Kunywa chai."

"Hao ni wale wenye ndevu. Na kule hatuna kondoo."

Walimkuta Clive amelaliwa na pikipiki, mguu umevunjika, kofia ameikandamiza machoni. Kunguru saba walikuwa wamemzunguka.

"Merle," aliuliza bila kuitoa kofia, "wameondoka?"

Hakuna kunguru aliyekuwa amesogea.