Tumbo Langu Lilivyokichosha Kifua

Ujana wangu uliishia kwenye chumba cha brashi, kiwanda cha mkonge huko Korogwe, nyuzi zinapigwa na vumbi linatoka jeupe kama unga. Nimestaafu, nimerudi kijijini kwetu Kwedizinga. Kikohozi nacho nimerudi nacho.

Mwaka huu kijana wangu alipiga simu toka Dar: "Baba, mvua zikianza kama huwezi kufika shamba kwa miguu yako, nakuja kukuchukua." Dar siitaki. Nikakae kwenye kochi nitazame ukuta?

Basi kifua kikibana naagiza duka la dawa vile vidonge vya rangi mbili. Huku unataja kikohozi tu, unapewa. Kifua kinatulia kidogo, tumbo linafunguka, nashinda chooni. Nikitoka huko sina nguvu hata ya kukohoa, makohozi yanakwama, naagiza tena. Na dada yangu mkubwa, anayenipikia, akaninyima mtindi, maana kwetu anayekohoa hapewi maziwa, ati yanazidisha makohozi. Ni bada tu, ugali wa muhogo. Na muhogo wenyewe siku hizi wanauanika pembeni ya lami, unatafuna mchanga. Tuyaache hayo.

Nilichoka. Tukaenda hospitali. Makohozi yakapimwa, si kifua kikuu. Daktari, binti mdogo, akaniamkia, akauliza vyote nilivyomeza.

"Babu, vidonge hivi vimelifagia tumbo, vimeua mpaka vijidudu vinavyokulinda. Tumbo na mapafu vinasemezana. Kimoja kikiugua, mwenzake hakai salama. Makovu ya vumbi siwezi kuyatoa. Lakini acha kujinunulia dawa, ule, na mtindi unywe."

Dada akaruka. "Mtindi? Unataka kumuua mdogo wangu?"

"Bibi, vidonge vyote hivyo hajafa, atakufa kwa maziwa?"

Dada alinuna njia nzima. Mtindi lakini aliniletea, akaubwaga mbele yangu kama analisha mbwa wa jirani.

Tumbo likafunga. Kifua hakikupona, nisikudanganye. Kilipunguza ugomvi tu. Mvua ziliponyesha nikaenda shamba, napumzika kila penye kivuli, watoto wa shule wananipita na shikamoo zao, sina pumzi ya kuitikia. Nikapanda mistari miwili ya mahindi, nikakaa chini kwenye tope.

Dada, aliyenifuata nyuma, akampigia kijana wangu simu mwenyewe. "Usije. Yuko shamba, amechafuka kama mtoto."

Kijana akataka kusikia sauti yangu. Nikamwashiria dada amwambie asubiri, kwanza nivute pumzi.